Kabla Hujaketi Mbele ya Mshauri

Mshauri alikuwa na tabia ya kunywa chai yako kabla yako. Alimimina kutoka kwenye termosi nyekundu, akapiga funda moja, akafuta ukingo wa kikombe kwa kidole gumba, ndipo akakusogezea. Mtu wa mbali angesema mama huyu hana adabu. Sisi wa Rumonge hatusemi hivyo. Huku hakuna anayekunywa kitu kutoka mkono wa mwenzake kabla mkono huo haujaonja, kwa sababu kila ukoo una mtu wake anayesemwa alikufa kwa kikombe. Basi yeye alionja. Aliwaonjea hata watu aliowapokea miaka na miaka. Na chai yenyewe haikuwa tamu, maana kwa sukari alikuwa mchoyo ajabu.

Jina lake silitaji. Yeye hakutaja la mtu, na mimi sitaki kumtangulia kwa hilo. Wengine nitawataja, wale wanaostahili.

Naandika kwa sababu wanawake wananisimamisha sokoni. Naweka bido langu, dumu la mawese, chini, mara mtu ananivuta kanga: "Mama Neema, weye ulikwenda kwa madamu wa farmasi. Iko inasaidia? Mutu anaanza vipi?" Siku hizi washauri wameongezeka. Wako vijana wenye pazia jipya na kibao cha rangi mlangoni, wanapokea kwa randevu, mpaka upangiwe saa, wanaandika wakati unalia. Sijui kama ni wazuri au wabaya. Mimi shule niliacha darasa la nne. Lakini niliketi mbele ya mmoja muda mrefu kuliko mtu yeyote ninayemjua hapa pwani, na nilichokijua nilikijua nikiwa nimeshachelewa.

Kwanza mjue nilichokwenda kutafuta.

Mume wangu aliitwa Salvatori. Ile miaka ya mauaji walikuja kumchukua nyumbani kwetu, juu kule Kizuka, mchana kweupe, watu tunaowajua. Misago ndiye aliyemwita kwa jina atoke nje. Bukuru alikuwa na kamba. Lewisi alipanda juu ya nyumba akaanza kung'oa mabati kabla hata wenzake hawajafika mwisho wa shamba. Nayasema majina yao na sasa nayaandika. Bukuru alikufa kwa kipindupindu huko ukimbizini. Lewisi yuko Bujumbura, amenenepa. Misago alibaki. Nilipotoka kambini Tanzania na mwanangu nilimkuta palepale, ng'ambo ya mfereji, akiangusha vichala vya mchikichi kwa panga, akaniambia, "Amahoro, Mama Neema." Amahoro! Neno hilo maana yake ni amani.

Mimi sikutaka gereza. Gereza linafunguka. Sikutaka pole yake wala ng'ombe wake. Nilitaka aniambie walimlaza wapi Salvatori, nikamtoe huko alikotupwa, nimzike mahali ambapo naweza kusema huyu hapa. Kitu kimoja tu. Na aliyekijua alikuwa ananisalimia kila asubuhi.

Ndiyo nikaenda kwa mshauri. Na nikakosea kosa ambalo nadhani ni letu sisi watu wa vilima, mtu wa mjini asingelikosea. Kwetu ukiwa na jambo na jirani unakwenda kwa bashingantahe, wale wazee wa baraza. Unawapelekea pombe, unasema lako, wanamwita mwenzako, anasema lake, wanakata. Nikafikiri huyu madamu ni baraza jipya, baraza la mwanamke aliyesoma, bila wanaume wa kusinzia. Kwa hiyo nilikwenda na bido la mawese kichwani. Mazuri, mekundu, ya kukamuliwa kwanza.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya farmasi, lile duka la dawa karibu na soko. Akanionyesha kiti. Akaonja chai, akanipa. Akauliza swali aliloliuliza kila mtu, kila siku, kwa maneno yaleyale:

"Umekuja na nini leo?"

"Mawese, madamu. Ya kwanza."

Akalitazama bido. Hakucheka, lakini niliona shavu linamcheza.

"Hayo utarudi nayo. Nikila zawadi yako leo, kesho utaogopa kunikasirikia. Na utanikasirikia, usijali. Wewe mwenyewe umekuja na nini?"

"Nina kesi na Misago."

"Mimi sikati kesi, mama."

"Basi umwite tu. Ukimwita wewe atakuja, wewe umesoma."

"Sitamwita."

"Sasa unafanya kazi gani?"

"Nasikiliza. Na nauliza kidogo."

"Na mimi nilipe kwa hiyo?"

"Eeh. Utalipa."

Nikabeba mawese yangu nikarudi nayo, nimekasirika mpaka shingo inaniuma. Njiani watu wananiuliza, "Mama Neema, yamekosa mununuzi?" Nikawaambia wanunue wao basi, au wanyamaze.

Kwa hiyo wewe unayeniuliza sokoni, la kwanza ni hilo. Muulize anafanya nini na hafanyi nini. Muulize siku ya kwanza, na bei yake umuulize hiyohiyo siku, usione haya. Usikae miezi unangoja hukumu kwa mtu asiyehukumu. Mimi nilikaa. Nilirudi, nikaendelea kurudi, na moyoni nikijiambia siku moja atachoka na kilio changu, atamwita Misago, atamwambia, "Sema, mjinga wewe, mwanamke huyu anataka mifupa tu."

La pili, karatasi. Ukutani alikuwa na karatasi mbili katika kioo, za Kifaransa. Nilimpeleka Neema anisomee. Mtu mwingine angeudhika. Yeye alizishusha zote mbili ukutani akampa Neema mkononi, akaketi akafunga mikono, anangoja, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Neema akasema moja ni ya shule kubwa ya Bujumbura ya mambo ya akili na roho, nyingine ya mafunzo aliyofanya kwenye kambi za wakimbizi. "Umeridhika?" akaniuliza. Nikasema nimeridhika. "Basi ungeniuliza miezi iliyopita." Alipenda kushinda, hata kwa vitu vidogo.

Nisimfanye mtakatifu. Ndani ya kile chumba alikaa kimya mpaka unasikia mwenye farmasi anahesabu vidonge upande wa pili, lakini nje alikuwa na mdomo wa muuza samaki wa mwaloni. Sokoni aligombania ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kama anagombania urithi. "Hizi ni za juzi! Zinanikodolea macho, zinaniomba msamaha!" Alijua nani katika kwaya anaimba kwa pua, nani amevaa kitambaa cha kuazima, shoferi gani wa minibasi ya Nyanza-Lac ana mke wa pili Kigwena. Aliyasema yote haya kwa sauti. Kanisani aliimba vibaya na kwa nguvu. Alitufundisha sisi subira, tupumue kwa tumbo, polepole, halafu mbuzi akipita na kula ua lake mlangoni alimkimbiza na kandambili mkononi akimwita majina ambayo siyaandiki.

Lakini katika yote aliyoyabwata nje, miaka yote, sikuwahi kusikia hata chembe iliyotoka kwenye kile kiti. Na nilisikiliza, niamini. Nilitega sikio makusudi.

Ziwa aliliogopa. Tunaishi kando ya Tanganyika, watoto wanaoga humo kabla hawajajua kutembea sawasawa, na yeye hakuwahi kulowesha hata kidole cha mguu. Nikamuuliza siku moja, kwa ujeuri, maana yeye ndiye aliyekuwa akitukazania tuseme hofu zetu: "Na weye ziwa lilikufanya nini?" Akajibu, "Hilo ni la mshauri wangu mimi." Kumbe naye alikuwa na wake. Kila mwisho wa mwezi alipanda minibasi akaenda Bujumbura kuketi mbele ya mtu, akarudi jioni macho yamevimba, na kesho yake alikuwa mkali kwa kila mtu.

Milango yake ilikuwa miwili na sheria yake ilikuwa moja. Unaingia kwa farmasi, watu wadhani una malaria. Unatoka kwa nyuma, unapitia kwenye vichanja vya kuanikia ndagala, usikutane na anayekuja baada yako. Alidhani hiyo ni siri. Rumonge nzima ilijua. Watu walinusa tu. "Fulani ananuka ndagala na hana kapu. Leo amelia." Alipoambiwa hivyo alicheka mpaka akashika mbavu, lakini sheria hakuibadilisha. Alisema, "Wajue umekuja. Wasijue ulichosema. Hivyo viwili havifanani."

Nilichosema sasa nakisema nusu. Nilimwambia walichonifanyia mimi baada ya kumtoa Salvatori, wale watatu, mmoja baada ya mwingine, na kwa nini sijawahi kumjibu Neema akiniuliza anafanana na nani. Kabla sijamwambia nilimuwekea sharti. Nakumbuka alikuwa ameshika kikombe.

"Nikikuambia hili litabaki hapa?"

"Linabaki hapa."

"Neema akija, akalia, akakupigia magoti?"

"Linabaki hapa."

"Hata nikifa?"

Akaweka kikombe chini. "Hata ukifa, mama. Kufa kwako hakunifungui mdomo."

Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kama mtu aliyenunua kufuli zuri. Sikufikiri kwamba kufuli hilo anawauzia na wengine.

Na alinisaidia. Sitaki kumnyima. Kabla yake nilikuwa silali mpaka nimesogeza kinu mlangoni. Nilikuwa nikisikia bati linagongwa na upepo nabanwa na pumzi. Baada ya muda, sijui lini, niligundua kinu kimekaa nje siku nyingi na hakuna aliyekiingiza. Alikuwa na neno lake, akiona unakimbia habari, unahama kwenye jambo unaingia kwenye bei ya mawese: "Hapa hatufukuzwi. Rudi polepole." Nilikuwa narudi. Ilikuwa inauma na nilikuwa narudi.

Siku nyingine nilirudi na hasira tu. Misago alikuwa amenunua redio, anaifungulia upande wangu wa mfereji. Nikamwambia mshauri nitakavyomuua. Nilimpangia yote. Nitasubiri pawe na sherehe. Nitagawa pombe mimi, nitaonja mbele yake, kila mtu aone, halafu nikimpa kibuyu nitachovya kidole gumba, na chini ya ukucha wa kidole hicho ndipo patakuwa na kitu. Wanavyofanya wale wanaojua. Nilisema na nikaonyesha kidole. Sioni aibu, hasira ile ilikuwa halali yangu.

Hakushtuka. Akasema:

"Nikiona unakwenda kufanya kweli, nitakwenda kwa watu wazuie. Hilo siwezi kulifungia hapa. Nakuambia leo, usije kusema sikukuambia. Una kitu chini ya ukucha?"

"Sina."

"Unacho nyumbani?"

"Sina. Nina hasira tu."

"Hasira tunaweza kuketi nayo."

Tukaketi nayo. Hilo nalo ulijue kabla: muulize ni kitu gani hawezi kukifungia, akuambie mapema. Yeye aliniambia. Kwa hilo simlaumu.

Ninachomlaumu kilianza siku ya mvua. Mvua kubwa, ile ya kufunika ziwa lisionekane. Vichanja vya ndagala vilikuwa vimefurika maji na nyuma hakupitiki, kwa hiyo nilipomaliza nilitoka kwa farmasi, kinyume cha sheria. Kwenye benchi, chini ya picha ya mtoto anayechanjwa, ameweka kofia magotini, alikuwa Misago.

Hakuwa na malaria. Alinitazama akainamisha kichwa kwenye kofia. Mlango ukafunguka nyuma yangu na mshauri akasema kwa sauti yake ya chumbani, "Karibu." Hakuniambia mimi.

Nilisimama kwenye mvua mpaka kanga ikanigandia mwilini. Nilifikiria kile kiti. Kwamba kilikuwa bado na joto langu na yeye ameketi juu yake. Kwamba anaonjewa chai kwenye kikombe kilekile. Miaka yote nilitaka amwite, na kumbe yuko, anaingia, anatoka, ananuka ndagala kama mimi.

Hata hivyo nilinyamaza kwa muda. Nilijiambia labda anasema mambo ya ini lake, maana alikuwa mlevi na macho yameshageuka manjano. Aliyenivunja ni Misago mwenyewe. Nilipita mbele ya kabare, kilabu cha pombe, naye amelewa, akasimama akanifuata mpaka barabarani.

"Mama Neema! Mimi nimesema. Unasikia? Nimemaliza kusema."

"Umesema nini?"

"Yote. Na pahali. Pahali nimepasema, pale pale, mpaka na jiwe. Nimemwambia madamu yako." Akaanza kulia, makamasi yanamtoka. "Mimi kukuambia weye siwezi. Nikikuona mdomo unafunga. Muulize yeye!"

Akarudi ndani kunywa. Amejitua mzigo wake, akautua mahali ambapo mimi siwezi kuugusa.

Nilikwenda kwa mshauri bila randevu. Hata chai sikungoja.

"Salvatori yuko wapi?"

Akafunga mlango. "Keti."

"Siketi. Misago amekuambia. Kaniambia mwenyewe barabarani."

"Uliyoyasikia barabarani ni ya barabarani."

"Nilimwona kwenye benchi yako!"

"Nani anaketi kwenye benchi yangu sitakuambia. Wewe nawe hakuna ninayemwambia kama unaketi."

"Madamu." Nikapiga magoti. Mimi, ambaye sikuwapigia magoti hata wale watatu. "Madamu, ni mifupa. Sitamshitaki. Sitasema umenionyesha wewe. Nionyeshe tu kwa kidole, ni upande gani, wa ziwa au wa mlima."

Alipiga magoti na yeye, tukawa sawa sakafuni, wanawake wawili wazima. Akanishika mikono. Yake ilikuwa baridi.

"Siwezi," akasema.

"Unajua lakini."

"Siwezi hata kukujibu hilo."

Nikamtemea mate. Yalimwangukia kwenye kola. Hakuyafuta mbele yangu.

Kwa hiyo jua na hili, na hakuna atakayekuambia ila mimi: siku ya kwanza, kabla hujafungua mdomo, muulize kama anapokea na adui yako. Hatakujibu. Basi mwambie wewe jina la adui, mwambie kama huyo anakuja hapa mimi nakwenda kwingine, na umtazame usoni. Rumonge ni ndogo. Aliyekutoboa na wewe uliyetobolewa mnakwenda kwa mshonaji mmoja. Na siku ukitaka kuacha, acha, huhitaji ruhusa. Mimi niliacha siku ileile na sikurudi.

Baadaye Misago akafa.

Alikufa baada ya sherehe ya mahari kwa jirani yetu wa Kizuka. Na katika sherehe hiyo, kwa sababu nilikuwa mkubwa kati ya wanawake wa pale, mimi ndiye niliyegawa urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi. Nilionja mbele ya kila mtu. Nikampa kila mtu, na yeye. Sikumpa kitu. Ini ndilo lililomuua, daktari alishamwambia aache. Lakini alianguka siku ya pili yake akitapika damu, na kijana wake mkubwa, Desire, alisimama mazishini akaninyooshea kidole.

Nikaitwa barazani. Wazee wa kilima wako kwenye viti, watu wamejaa mpaka kwenye shamba la mihogo. Desire akasema, "Huyu mama alikuwa anakwenda kwa madamu wa farmasi. Mutu akienda kule anatoa yaliyo moyoni. Madamu aitwe aseme kama huyu hajamtaja baba yangu."

Wakamwita. Nilimwona anapanda kilima taratibu, anapumua vibaya, na gauni lake la kanisani. Nilikuwa nimemtemea mate. Na alikuwa na kila kitu: sherehe, kuonja, kibuyu, kidole gumba. Neno kwa neno nilivyompangia, ndivyo ilivyotokea machoni pa watu. Angesema sentensi moja, wangenimaliza palepale kabla jua halijageuka. Mnawajua watu wetu wakisikia sumu.

Mzee wa baraza akamuuliza, "Madamu, Mama Neema alisema nini juu ya marehemu?"

"Mimi sina cha kusema juu ya mtu anayeketi kwangu," akasema. "Wala juu ya asiyeketi."

"Mutu amekufa, madamu."

"Nimesikia. Poleni."

"Unaficha mchawi!" Desire akapiga kelele. "Unakula hela zake!"

"Ningemwona mtu anakwenda kuua ningekuja hapa kwa miguu yangu bila kuitwa. Sikuja. Zaidi ya hapo sina."

Walimuuliza kwa upole, wakamuuliza kwa matusi. Mwanamke mmoja alimrushia ganda la ndizi. Yeye, ambaye mbuzi tu alimtoa akili, alisimama na ganda begani, kimya kama yuko chumbani mwake. Mwishoni muuguzi wa kituo cha afya akaletwa akaeleza habari za ini, na baraza likavunjika bila hukumu. Nikarudi nyumbani mzima.

Mwenye farmasi alikuwa wa ukoo wa Misago. Hakungoja mwezi uishe. Alitoa kiti, termosi na zile karatasi mbili, akaviweka nje kwenye matope. Na hata kama angembakiza, watu wangekwenda? Wengine walisema amemlinda mlozi. Wengine walisema ataitwa tena na safari ijayo atasema. Wote waliacha.

Kumshukuru sikwenda. Mtu ananiokoa kwa kufuli lilelile linalonifungia mume wangu nje, nimshukuru kwa mdomo gani?

Nilikwenda msimu huu, mvua za kwanza zilipoanza. Anaishi chumba kimoja huko kwenye michikichi ya Kigwena, anapika sabuni ya mawese na kuiuza vipande. Mguu mmoja umevimba. Nilipofika alikuwa amekaa mlangoni anakata sabuni kwa waya. Aliinua kichwa, akaniona, akaona nilichobeba. Akauliza kama vile nilikuwa nimetoka jana:

"Umekuja na nini leo?"

"Jembe," nikasema.

Lilikuwa jipya, bado lina rangi ya dukani kwenye chuma. Mpini niliuchonga mwenyewe.

"Weka chini, uketi."

Nikaketi. Jembe sikuliweka, nilililaza magotini.

"Misago amekufa," nikamwambia.

"Najua. Nilipanda kile kilima."

"Basi sasa sema. Aliyekufa hana aibu. Hana wa kumficha. Desire hatajua, hakuna mtu hapa, ni mimi na weye na sabuni."

Akaendelea kukata kipande alichokianza mpaka kikaisha. Kisha akaweka waya.

"Mama Neema, uliniuliza siku moja. Hata nikifa? Nilikujibu nini?"

Nilikuwa nakumbuka kikombe kinavyowekwa chini.

"Wewe ndiye uliyeniuliza," akasema. "Wengine hawakuniuliza, lakini kila mmoja nilimpa jibu hilohilo. Nikilivunja kwa mmoja kwa sababu yuko ardhini, la kwako ni nani atakayelishika? Neema alikuja hapa."

Nikadakia. "Lini?"

"Hakuja kuketi, alikuja kuuliza yako. Nimekuambia ili ujue hakupata kitu. Alilia. Alinipigia magoti." Akanitazama. "Kama wewe."

Ndani ya nyumba chungu cha mawese kilikuwa kinachemka na harufu yake imejaa mpaka nje. Akamimina chai, nyingine ikamwagika kwenye sosa. Akaonja. Akafuta ukingo. Akanisogezea.

Mnataka niwaambie kwamba nilimwelewa. Nimemwelewa, na haikunisaidia kitu. Kuelewa hakumtoi Salvatori alipo. Mwanamke yule anajua lile jiwe, analijua anapokata sabuni, analijua akilala na mguu wake juu ya mto, na atakwenda nalo kaburini, na yeye kaburi atakuwa nalo.

Niliinuka. Chai niliiacha imejaa. Alinisindikiza kwa macho tu, na nilipofika njiani akaniita, "Mama Neema! Hapa hatufukuzwi." Sikugeuka.

Jembe liko nyuma ya mlango wangu. Mvua zimeshakolea na Neema ananiuliza kila asubuhi kwa nini tunalima kwa lile kuukuu lililolika mpaka kwenye shingo, wakati jipya limesimama bure. Namwambia lina kazi yake. Ananitazama. Anataka kuuliza kazi gani, naona swali linamfika mdomoni, halafu anachukua lile kuukuu anakwenda nalo shambani.